Lango la Mikono Miwili

Chuoni nilifundishwa kwamba chuma hakina ubishi. Ukikipigia hesabu sawasawa, kinatii. Nilirudi Nakuru nikidhani watu nao wako hivyo. Nikaajiriwa katika karakana ya Mhindi mmoja nyuma ya stesheni, kuchora malango ya mabwawa ya walowezi. Nilivaa tai. Hakuna mwingine aliyevaa tai mle ndani, na cheche za kulehemu zilinionyesha kila siku kwa nini.

Katikati ya miaka ya hamsini ikaja kazi ya lango kubwa huko Subukia, katika shamba ambalo baba yangu na mdogo wake walikuwa vibarua. Wao ndio wangelitunza: kulifunga wakati wa kiangazi, na kulipandisha wakati wa mvua kabla maji hayajabomoa ukuta wa udongo. Tatizo ni kwamba hawakuwa wakisemezana. Nyanya alipofariki, baba mdogo alikuwa akifanya kazi Keringet, akafika tumeshafukia kaburi. Alieleza kwamba nyapara alimnyima ruhusa. Baba akamjibu kwamba mtu aliyefiwa na mama haombi ruhusa, anaondoka. Tangu hapo, wakitaka kuambiana jambo walimtumia mama yangu, hata wakiwa wameketi meza moja.

Lango la aina ile huning'inia kwenye skrubu mbili ndefu, moja kila upande. Kwa kawaida skrubu hizo huunganishwa kwa shafti, fimbo ya chuma inayopita juu ya lango, ili mtu mmoja azizungushe zote kwa mkono mmoja wa chuma. Mimi niliiondoa shafti. Nikachora mikono miwili, mmoja huku na mwingine kule. Upande mmoja ukitangulia, lango linakwenda mshazari na kukwama. Kwa hiyo wangelazimika kuhesabu pamoja kwa sauti, na anayehesabu na mwenzake ameshaanza kuongea naye. Nilijiona mpatanishi wa ukoo, kwa penseli na rula. Ukuta ungekuwaje kama wangegoma, sikujiuliza.

Bosi aliutazama mchoro, kisha akanitazama mimi.

“Kijana, kazi ya mtu moja wewe napatia watu mbili?”

Nikamweleza kwamba magogo ya mafuriko yangeipinda shafti. Aliona chuma kilichookolewa, akaridhika.

Mvua za kwanza zilipojaza bwawa, nilikwenda kushuhudia ushindi wangu. Mama alisimama nami chini ya mwavuli. Baba alishika mkono wa chuma wa upande wake, baba mdogo akashika wa upande wa pili. Nikangoja hesabu. Baba akakohoa, wakaanza. Hakuna aliyehesabu. Walizungusha kama mtu mmoja, na lango likapanda limenyooka kama sinia mkononi mwa mpishi.

Hapo nikakumbuka kwamba ujana wao wote walipasua mbao kwa msumeno mmoja, huyu juu, yule chini. Jambo hilo nililijua tangu utoto. Sikuliingiza tu kwenye hesabu.

“Ungewapa kazi wasiyoijua, mwanangu,” mama alisema. “Labda wangeulizana.”

Misimu ikapita hivyo. Mwenye shamba aliwasifu kwa wageni wake: watu kimya, wachapakazi. Wao kwa wao bado hawakusemezana. Kisha baba mdogo akaugua kifua, na kabla ya mvua nyingine tukamzika.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa mchangamfu, mwenye sauti kama ya mnadani. Alihesabu vizuri sana, na lango likakwama siku ya kwanza. Karakana ikanituma nikafunge shafti ile ile niliyoikataa.

Baba alinishikia spana. Nilimuuliza yeye na mdogo wake waliwezaje miaka yote ile.

“Mwisho mwisho alikuwa akichoka mapema,” alisema. “Nikisikia pumzi yake imebadilika, napunguza.”

“Ulimwambia kwamba unamngojea?”

“Nimwambie nini? Si alikuwa anaona.”

Akaufuta ule mkono wa chuma wa upande wa pili kwa kitambaa, mkono ambao sasa haukuwa na kazi.

“Si alikuwa anaona?”

Nilikuwa nimeinama nikikaza nati. Nilimwambia ndiyo, alikuwa anaona. Sikuwa na ushahidi wowote, na aliyekuwa nao tulikuwa tumemzika.