Kigoda cha Waashanti nilichokisimamisha kila Jumapili, nusura kinivunjie harusi ya mjukuu

Wakuu, amani kwenu. Mlio wadogo kwangu, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa Tukuyu, shule niliishia darasa la nne, sasa naishi Lozells hapa Birmingham na mjukuu wangu Atupele. Naandika kwa kidole kimoja. Herufi ikiruka, msamehe kidole. Maneno yenyewe ni ya kweli, maana nyumba ilikuwa yangu na aibu ilikuwa yangu.

Atupele ni nesi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, nikamlea mimi. Kwa hiyo anayemtaka anapita kwangu. Hilo halina mjadala.

Mwaka jana akaniletea kijana, Kwabena, Mghana wa kabila la Waashanti. Mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa alama.

Alama nikamnyang'anya nilipouliza nani atakuja kusema habari za posa. Kiswahili hana, Atupele ndiye anayetafsiri.

"Mjomba wangu, Bibi. Kaka yake mama."

"Baba yako amekufa?"

"Hapana, yupo. Atakuja pia. Atakaa."

Atakaa! Baba mzima anakuja kukaa kama mzigo? Kwetu baba ndiye anayesimama na ng'ombe wake. Nikamwambia Atupele, baba asipofungua mdomo, hakuna harusi. Akalia. Nikamwacha alie, machozi hayaui mtu.

Sasa sikilizeni habari ya kigoda.

Siku hiyo kijana aliniletea zawadi, kigoda cha mti mweupe alichoagiza kwa wachongaji wa kwao karibu na Kumasi. Pa kukalia pamepinda kama mwezi mchanga. Kizuri, sikatai. Akakilaza ubavu karibu na ukuta, akaaga.

Nikakisimamisha.

Jumapili iliyofuata akaja, akakitazama, akakilaza. Alipoondoka nikakisimamisha. Jumapili ya tatu hivyo hivyo. Hasemi kitu, analaza tu. Nikajisemea, asiyeweza kusimamisha kigoda ataisimamishaje nyumba?

Nikakomesha mchezo. Nikaweka chungu cha maua juu yake.

(Atupele anasema nilijua ninachofanya. Aseme.)

Siku ya posa ikafika. Wao wanaita kubisha hodi, na kweli walibisha: mjomba mbele na chupa mbili za kinywaji kikali, mama wa kijana nyuma yake, baba wa mwisho. Mimi ni mlokole, chupa nikaomba zikae chini ya meza.

Nilikuwa nimetoka jikoni mbio. Meza imejaa sahani, basi nikatoa maua kwenye kigoda nikatua sufuria ya ndizi na nyama, imetoka motoni sasa hivi.

Wakuu, wageni wote wakaikodolea macho sufuria.

Kwabena akafumba macho. Mjomba akaivuta sufuria taratibu kwa kitambaa. Chini yake duara jeusi, limekaa kama mhuri wa posta.

Mjomba hakufoka. Akaeleza, Atupele akitafsiri. Kwao kigoda cha mtu kinabeba roho yake. Mwenyewe akiinuka kinalazwa ubavu, ili roho nyingine inayopita isikikalie. Na taifa lao zima lina kigoda kimoja cha dhahabu, wanasema kilishuka kutoka mbinguni kikatua mapajani mwa mfalme wao wa kwanza. Hakikaliwi, hata na mfalme mwenyewe.

"Gavana wa Kiingereza akadai aletewe akikalie," akasema mjomba. "Wanaume wakasitasita. Mama malkia mmoja, mtu mzima kama wewe, akawaambia kama ninyi hamwendi, wanawake tutakwenda. Vita ikapigwa. Kigoda Waingereza hawakukipata."

Huyo mama ningempikia.

Nikamgeukia Kwabena. "Na wewe, Jumapili zote hizo, mdomo ulikuwa wapi?"

"Bibi, mkubwa hasahihishwi nyumbani kwake."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Mimi namwona hana adabu, kumbe adabu yake ndiyo iliyomfunga mdomo. Atupele ameshika kona ya kitenge changu kama alivyokuwa mdogo, na mimi ndiye niliyeunguza roho ya watu. Posa ingeweza kufa pale pale.

Nikasema jambo ambalo Atupele hajawahi kulisikia kwangu. "Nimekosa. Nisameheni."

Mama wa kijana akacheka, akakunja mikono ya gauni. "Una malimau? Kwetu kigoda kinasuguliwa kwa mchanga na limau."

Malimau ninayo. Mchanga Lozells hakuna, nikatoa chumvi.

Tukasugua wawili jikoni, yeye na Kiingereza chake, mimi na changu cha sokoni. Akanieleza ziwa la kwao, Bosomtwe, limezungukwa na vilima pande zote. Wavuvi wake tangu zamani hulala kifudifudi juu ya ubao, wanapiga maji kwa mikono. Nikamwambia na sisi tuna Ngosi, ziwa limelala ndani ya mlima. Akanieleza kakao. Nikamwambia Kyela kakao imejaa. Tukapigana bega kama dada.

Tuliporudi sebuleni nikamwendea baba, maana swali langu lilikuwa bado. "Na wewe, kazi yako hapa ni ipi?"

Akatabasamu. "Damu ya mtoto ni ya mama yake, ndiyo maana mjomba anasema. Lakini jina nilimpa mimi. Na watoto wa dada yangu wakioa, mimi ndiye ninayesema, hadi waniombe ninyamaze."

Basi, baba hakuwa mzigo. Alikuwa anasubiri zamu.

Nikakaa juu ya kigoda, kibichi bado, kinanuka limau. Nikasema mchukueni, ila msimlaze na njaa. Kwabena akapiga magoti. Atupele akalia tena, safari hii sikumwacha.

Funzo langu ni hili: ukikuta kitu cha mwenzio kimelala, uliza kabla hujakisimamisha. Umri haujibu maswali ambayo hukuuliza.

Wageni walipoondoka niliinuka, nikakilaza kigoda ubavu mwenyewe. Atupele akapita na vyombo. Kutafsiri kumemchosha, akanitania kwa Kiingereza.

"Bibi, it's fallen over."

"Hakijaanguka. Kinanisubiri."

Duara bado lipo kwa mbali, nimekataa lisisuguliwe tena. Haya, na ninyi mliopeana watoto na wageni, mliunguza nini? Semeni, nasoma zote. Matusi sijibu.