Ua la Mkononi

Leo, hotelini Migori, mhudumu mwenye kipini puani ameninawisha, na harufu ya sabuni kwenye maji ya vuguvugu ikanirudisha utotoni, kwenye hoteli ya mama yangu, Homa Bay. Dada aliyeajiriwa kutunawishia wateja alikuwa na tatuu ya ua mkononi. Siku moja alipoinamisha jagi, mama mmoja wa kanisa akarudisha mikono mapajani.

"Mkono uliochorwa hivyo hauninawishi mimi."

Mama yangu akachukua jagi, akamnawisha mwenyewe, bila kumtazama dada.

Jikoni, dada akanipa waya ya kusugulia sufuria, akaninyooshea mkono wenye ua. "Sugua, mdogo wangu. Sugua tu."

Nikasugua huku nikilia, ngozi ikawa nyekundu. Ua lilibaki palepale, limeng'aa kana kwamba tumelimwagilia maji.