Bati la Baba na Mbegu za Bibi

Enzi zetu, nyie mliozaliwa chini ya dari za gipsamu mtanisamehe, darini ndiko kulikokuwa na mali. Nyumba yetu ya Kalinzi ilikuwa na dari ya mianzi iliyokandikwa udongo juu ya jiko, na huko Bibi, mama yake baba, aliweka mbegu zake za maharage. Kulikuwa na ya njano, mekundu, na yale ya madoadoa aliyokuja nayo kutoka kwao alipoolewa. Sisi watoto tulipanda ngazi kuiba karanga, tukashuka tunanuka moshi, na mama anatupokea na mwiko mkononi.

Mwaka ambao kahawa ilitukubali, baba aling'oa nyasi za paa akaezeka mabati. Weee! Mngemwona alivyotembea kijijini! Kisha, kwa kuwa aliona nyumba za Gungu, kule mjini, hazina mianya, akaziba kwa udongo na matambara kila nafasi kati ya ukuta na bati. Popo wakome, na baridi ya mlimani ikome.

Asubuhi moja, nje kukavu kabisa, tukaona matone yanadondoka kutoka juu. Mvua ndani ya nyumba! Baba akasema ni matundu ya misumari. Akapanda na lami, akapaka msumari mmoja mmoja. Kesho yake matone yakazidi, naye akapaka tena.

Siku ya tatu Bibi akapanda ngazi mwenyewe, na umri wake ule, mimi nyuma yake. Akatumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akafumba macho, akatulia. Nilimwangalia mdomo wazi. Akatoa punje moja akaitafuna, haikulia. "Yanalainika," akasema. Mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia, na yale ya madoadoa hakuna jirani aliyekuwa nayo.

"Wewe mwanangu," akamwita baba kutoka huko juu, "bati halivuji, linatoa jasho! Umelifungia mvuke wote wa jikoni, nalo lina baridi. Ulitaka lifanye nini? Nyasi zilikuwa zinapumua."

Baba, mtu mzima na ndevu zake, akasema, "Nimekosa, mama." Akabomoa kwa mikono yake kila alichoziba, pande zote mbili, upepo uingie huku utokee kule. Maharage tukayaanika uani. Bibi akayachambua punje kwa punje, na punje iliyobonyea kwa kucha aliitupa. Yaliyosalimika yakachanganywa na majivu, yakarudishwa juu ya kichanja, mbali na bati. Ya madoadoa kilibaki kibakuli kimoja tu.

Tukapanda. Kila asubuhi baba alikwenda shambani kabla ya kunywa uji. Siku moja akarudi anakimbia, yeye ambaye hakuwahi kukimbia. "Mama, yameota!"

"Nimeyaona tangu jana," Bibi akajibu, anakoroga sufuria. "Kaa unywe uji."

Mpaka leo nikikumbuka nastaajabu. Bibi yule hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini alijua hewa inapita wapi na maji yanajificha wapi, yote kwa kiganja.

Siku hizi naishi hapa Gungu. Juzi gipsamu yetu iliota ukungu, wanangu wakamtumia fundi picha, naye akajibu kwa simu wapake rangi. Wakapaka mara mbili, maskini, na simu zao za bei mbaya! Nikawaambia watoboe matundu ya hewa kila upande wa paa. Wakacheka, wakatoboa, na sasa dari imekauka kabisa. Wananiona mjuzi, nami najinyamazia.

Maana kuna jambo sijawaambia. Nilipoolewa, Bibi alinikabidhi kibakuli cha yale maharage ya madoadoa. Wakati huo yeye peke yake ndiye aliyekuwa amebaki nayo, na alinipa yote. Mimi, mke wa mjini, sikuwa na shamba wala dari ya kuyaweka. Wakaja wageni, nikayapika kwa mawese. Yalikuwa matamu sana.