Namba ya Pampu ya Mjomba Jailos

"Na kama haipo, mjomba?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimempelekea viazi kwenye kibanda cha pampu, mgodini nje ya Chunya. Baba yangu alikuwa fundi pale. Mjomba Jailos, Mhehe wa Iringa, hakuwa ndugu yetu wa damu. Kazi yake kulinda pampu. Ikisimama, maji yanajaa shimoni na watu wamo. Basi alikula humo, akalala humo.

Kwenye bamba la pampu ilichongwa 44497. Jailos aliigawanya ukutani kwa mkaa: kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, akipanda hivyo hivyo. Kila mara kitu kilibaki.

"Siku nikipata inayoigawa sawasawa," alisema, "nafunga mzigo, nakwenda kwa mama."

Ndipo nikauliza. Akanirudishia bakuli, akaokota mkaa wake.

Wachimbaji walimchungulia dirishani. "Bwana Hesabu! Leo umeishinda?"

"Jana nusura!" naye huwajibu.

Kisa nilielezwa na baba. Jailos alikuja na mdogo wake, Yotamu. Jiwe likamwangukia Yotamu shimoni, akafa. Kwao msiba hautumwi kwa barua. Aliyeondoka na mtu ndiye anayerudi kuusema kwa mdomo wake. Jailos hakurudi. Wasafiri wa Iringa wakawa wanaleta salamu za mama yake: "Mwambie Yotamu aje nimwone." Naye anajibu, "Mwambieni tunakuja wote."

Hata mimi nikiwa mtoto niliona: kila akisema hivyo, safari inazidi kuwa ngumu.

Nikaenda shule ya bweni Mbeya. Huko Mwalimu Damari akatufundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikaikumbuka namba ya pampu. Likizo ilipofika sikupitia hata nyumbani, nikakimbilia kibandani na sanduku kichwani. Jailos alikuwa ameshapita elfu moja, ukuta mweusi tii.

"Mjomba, acha! Vigawanyo huja viwili viwili, mdogo na mkubwa. Mkubwa akiwepo, mdogo wake ulishamkuta zamani. Mia mbili kumi na moja mara yenyewe tayari inaizidi namba yako. Ungeishia mia mbili na kumi. Haipo!"

Nilikuwa nacheka kwa furaha. Yeye akakaa juu ya debe.

"Nikifika elfu mbili je?"

"Haipo."

"Elfu arobaini?"

"Mjomba, haipo popote."

Alirudi chini ya ukuta, akazifanya upya zile ndogo, akibonyeza mkaa mpaka ukavunjika. Masalio yakawa yale yale. Pampu ikaendelea kupiga. Nilitamani ningekaa kimya.

Halafu akanawa mikono, akanituma nimwite baba aje kushika zamu. Tuliporudi alikuwa ameshafunga blanketi lake, lakini bado amesimama ndani, ameegemea mlango.

"Binti, zamani uliniuliza kama haipo," alisema. "Kama haipo, nakwenda kwa mama na woga wangu."