Siku Redio Aliponyamaza Barabarani

Kuna msusi mmoja, wateja wake wanamwita Dada Redio, na ukikaa kwenye kiti chake hata dakika mbili hutauliza kwa nini. Akishika kitana, mdomo nao unaanza kazi. Anasuka anasimulia, anaosha nywele anasimulia, na akikuweka chini ya drai anapaza sauti ili usikose utamu. Watu wanatoka pale vichwa vimependeza na masikio yamejaa. Na lazima warudi, maana kila siku hadithi inakatikia patamu.

Sasa Mungu naye alivyo na mambo yake, akampa mume asiyeongea. Siyo bubu, jamani, anaongea, ila maneno yake utadhani yanauzwa kwa gramu. Ni fundi wa friji, mtaani wanamwita Barafu. Ukimpelekea friji bovu huulizwi maswali. Anaegemeza sikio mgongoni mwa friji, anafumba macho, anasikiliza linavyonguruma, kisha anasema, "Gesi." Au, "Mota." Basi, umeshaambiwa hivyo.

Jioni nyumbani Redio anaanza kumwaga habari za saluni hata viatu hajavua. Barafu anakula, anaitikia, "Mm." Habari ikiwa nzito sana, ile mm inarefuka kidogo.

"Wifi, kaka yangu ni ukuta," dada yake Barafu alisema siku moja akiwa anasukwa. "Miaka yote hiyo unauongelesha ukuta. Mimi nimekua naye nyumba moja, nakuambia haingii kitu."

"Anasikia bwana."

"Haya, leo muulize juzi ulimwambia nini."

"Geuza kichwa huko, nitakusuka upande."

Saluni nzima ikacheka na Redio akacheka kuliko wote. Lakini lile neno lilimkwama kama mwiba wa samaki. Akawa kila jioni akisimulia anamwangalia mume wake usoni, anatafuta dalili. Haoni kitu. Na kuuliza anaogopa, maana je, akiuliza halafu jibu likawa "mm"?

Ndipo likaja tangazo la mbio ndefu za mji, kilomita arobaini na mbili, na humo ndani kuna kundi la mke na mume. Mnaandikishwa pamoja na mnavuka mstari wa mwisho pamoja. Mmoja akibaki njiani, wote wawili hamhesabiwi. Redio akaona hiyo ndiyo dawa. Barabarani hakuna mteja, hakuna simu za mafriji, hakuna televisheni. Huko huko atamuuliza, na wakivuka ule mstari atakuwa anajua ameolewa na mtu au na ukuta.

"Nimetuandikisha mbio," akamwambia mezani.

Barafu akatafuna, akameza. "Viatu?"

Kwake hilo ni sawa na kusema ndiyo. Wakafanya mazoezi miezi na miezi, alfajiri kabla mji haujaamka, Redio anaongea, Barafu anahema pembeni. Majirani wakaacha kutega saa za kuwaamsha. Wakisikia sauti ya Redio inapita dirishani wanajua kumekucha.

Siku yenyewe ikafika, na jua lilichomoza likiwa limeshakasirika. Ilikuwa kile kipindi cha joto ambacho mafriji ya watu yanakufa kama nzi. Redio alikuwa amejisuka rasta nene, ndefu mpaka kiunoni, maana kichwa cha msusi ndiyo bango lake, na watu wote wale wakikutazama si wateja hao?

Barafu aliziangalia. "Nzito."

"Zinavutia," Redio akajibu, mjadala ukafungwa.

Mwanzo ulikuwa raha tupu. Redio alisalimia kila mtu, waliojipanga pembeni na waliokuwa wanakimbia. Alipata marafiki wapya, akawapa hadithi nusu nusu, wao wakampita au yeye akawapita. Mtu mmoja kwenye kibaraza akapiga kelele, "Fundi, friji langu limezima toka jana!" Barafu akapunga mkono bila kupunguza mwendo.

Tatizo lilikuwa kwenye meza za maji. Barafu akifika anakunywa. Redio akifika anajimwagia kikombe kichwani, anaendelea na hadithi, maana kunywa kunakatiza maneno. Na rasta nazo, si unajua, zinanyonya maji kama sifongo. Jua likazidi kupanda, lami ikaanza kunata kwenye soli, na Redio akawa anakimbia kama mtu aliyebebeshwa godoro lililonyeshewa. Lakini mdomo hauna mizigo, ukaendelea tu.

Walipovuka kilomita ya thelathini alikuwa kwenye habari ya mteja aliyegombana na mwenye nyumba wake. "Sasa yule mwenye nyumba akafungua mlango, akamwambia..."

Kimya.

Barafu akaenda hatua mbili zaidi, halafu akasimama kama aliyeshikwa shati. Akageuka.

"Akamwambia nini?"

Redio alitaka kujibu. Maneno yalipanda mpaka kooni, yakaona ulimi umekauka, yakarudi. Barabara ilikuwa inacheza cheza mbele yake kama kitambaa kwenye upepo. Alichosikia ni mkono wa mume wake umeshamshika kiunoni unampeleka kwenye hema la huduma ya kwanza, na wala hakuulizwa kama anataka.

Muuguzi akamkalisha kivulini, akampa maji yenye chumvi na sukari anywe taratibu, akamwekea vitambaa vya baridi shingoni. Barafu naye akashika zile rasta, akazikamua kama mtu anayekamua blanketi, maji yakachuruzika hadi miguuni kwake, kisha akazikusanya juu na kuzifunga kwa taulo. Walikaa pale muda mrefu. Watu wakapita, hata wale aliowapa hadithi nusu nusu.

"Tumekwisha," Redio akanong'ona. "Nimetuharibia."

"Kunywa," Barafu akasema.

Baadaye muuguzi akampima tena, akamuuliza maswali, akaridhika. "Mama, nakuruhusu kutembea. Nimesema kutembea, na unapita kwenye kila kivuli. Na wewe baba, ndiye mlinzi wake. Hakikisha anaongea njia nzima. Akianza kuchanganya maneno au akinyamaza, mnakaa chini hapo hapo na mnatuita. Umenielewa? Muongeleshe."

"Mimi?" Barafu akauliza.

"Kwani kuna mume mwingine hapa?"

Maskini muuguzi wa watu, hakujua kazi hiyo ameikabidhi kwa nani.

Wakaanza kutembea. Nyuma yao lilikuwa linakuja polepole basi la kuokota waliochelewa, na likikufikia tu, umeokotwa. Redio alikuwa na nguvu za miguu lakini kichwani hamna hadithi hata moja, na aliona aibu kwamba ndoto yake imeishia hivi, matembezi ya kimya na mtu wa kimya. Lile swali lake hata hamu ya kuliuliza ilikuwa imeisha.

Barafu akakohoa. Akakohoa tena.

"Yule mteja wako," akasema, "aliyekuja na paka ndani ya mkoba."

Redio akamgeukia.

"Paka akatoroka, akaingia kwenye drai, akalala."

"Siyo kwenye drai." Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, lakini ilitoka. "Drai si angeiva? Kwenye boksi la rasta za kusukia."

"Ahaa. Paka mweusi."

"Mweupe, bwana. Angekuwa mweusi ningemwonaje kwenye rasta nyeusi?"

"Mm." Wakatembea kidogo. "Halafu kuna wale ndugu wawili, waliogombania kiti mpaka wakavunja kioo."

"Hawakuvunja kioo, walivunja kiti chenyewe! Na siyo ndugu, ni mtu na mama mkwe wake. Wewe nani kakuambia ni ndugu?"

Wakaenda hivyo hivyo, kivuli hadi kivuli. Barafu anatoa hadithi, imekaa upande, Redio anainyoosha. Yule aliyelala akisukwa akaota anafukuzwa, kumbe siye, ni mwenzake. Yule aliyetaka nywele fupi, kumbe ndefu. Redio akapandwa na hasira tamu, mdomo ukarudi kazini, rangi ikarudi usoni. Basi lile likabaki mbali nyuma.

Halafu akasimama ghafla.

Aligundua kitu. Mtu anayesahau anakosea ovyo ovyo. Huyu alikuwa anakosea pale pale penye kuuma, pale ambapo msimuliaji hawezi kuvumilia.

"Unakosea makusudi wewe."

"Mm."

"Paka alikuwa rangi gani?"

"Mweupe. Mkia wa kijivu. Alikojolea vitana, ukavichemsha."

Hiyo habari alimwambia kabla hata hawajapata mtoto. Redio akamshika mkono.

"Sasa kwa nini hunijibu siku zote?"

Barafu akamvuta waendelee kutembea. "Ukisimulia unakwenda vizuri. Nikiingilia utapoteza njia. Nami nataka kusikia mwisho."

Kwa Barafu, hiyo ni hotuba.

Mstari wa mwisho ulipoonekana, wifi mtu alikuwa ameng'ang'ania uzio, anapunga kanga kwa mikono miwili. Walitembea wameshikana mikono, rasta zimefungwa juu kama mnara, watu wanashangilia. Zikiwa zimebaki hatua chache tu, Barafu akasimama.

"Kaka, unafanya nini?" wifi akaita. "Basi hilo linakuja, vukeni!"

Barafu hakumsikia, au alimsikia akampuuza. "Yule bibi harusi," akamwambia mke wake, "aliyetaka nywele za rangi ya dhahabu. Ulifika pale unamfungua kitambaa, simu ikalia, ukaenda kupokea. Hukurudia tena. Zilitoka rangi gani?"

"Hiyo si ya miaka mingi?"

"Nimengoja."

"Kaka!"

"Kijani," Redio akasema.

"Kijani?"

"Kijani ya majani, harusi kesho yake."

Barafu akaanza kucheka. Na hakucheka kwa pua kama siku zote, alicheka mpaka akashika magoti, machozi yanamtoka, hata dada yake hakuwahi kumwona hivyo. Redio ikabidi amshike fulana amvute, wakavuka mstari pamoja, mmoja anavuta na mwingine amepinda kama upinde. Wakavishwa medali wakiwa palepale kwenye mstari, hawana habari.

"Sasa subiri," Redio akasema, "hujasikia bwana harusi alivyoingia..."

"Jamani, sogeeni, mnaziba njia," akasema msimamizi.

Barafu akamwinulia mkono. "Ngoja kidogo, hajamaliza."