Maharage ya Shule Yalikuja kwa Lori

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Mwembesongo mjini, nikiwa na ndevu kamili na mgongo uliochakaa kwa kupakua saruji mchana kutwa. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa anasinzia akiwa amesimama, chaki mkononi, na sisi wanafunzi tulikuwa tunasinzia kwa kufuata silabasi. Cheti kilipotoka nilikipandisha kwetu Mgeta, mlimani, kikiwa ndani ya fremu, na nadhani hata mbuzi wa njiani walinipisha. Tangu siku hiyo kule kwetu nikawa msomi. Barua za posa, barua za mahakama ya mwanzo, maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, vyote vililetwa kwangu, nami nilivisoma kwa sauti ya padri.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Ushirika uliokuwa ukinunua mazao ulikuwa umebaki ghala lenye popo, na kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, na kwa dalali wa Dar, ruksa kukadiria kabichi za mama yangu kwa jicho moja huku jicho la pili likitazama lori. Mama alikuwa anashuka na tenga kichwani kwa njia ambayo, nikisema ukweli mtupu, ilisimama wima kama ukuta wa kanisa. Akifika chini anaambiwa, "Mama, leo kabichi zimejaa. Acha hapo au rudi nazo." Nani anarudi na kabichi mlimani? Alikuwa anaziacha. Mbuzi wa pale kwenye malori walinenepa kuliko watoto wetu.

Ndipo ikaja habari ya ruzuku. Mtendaji wa kijiji aliisoma Jumapili nje ya kanisa, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka misani: serikali itatoa fedha ili shule ya msingi na chekechea yetu zipike chakula cha mchana, na chakula chenyewe sharti kinunuliwe kwa wakulima wadogo wa hapo hapo. Shule ilikuwa karibu na shamba la mama kiasi kwamba ukianza wimbo mmoja shambani, unaumalizia jikoni kwa mpishi. Na mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, alikuwa chekechea. Alikuwa anarudi saa saba na njaa ya kikosi kizima cha jeshi.

"Yaani niuze maharage yangu," mama aliniuliza, "halafu anayeyala ni huyu huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Na dalali?"

"Dalali hayumo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ile ile tuta lake la bondeni, lenye udongo bora na maji karibu, hakulipanda kabichi hata moja. Alilijaza maharage lote. Wanawake wengine kumi na watatu wa ukoo wetu wakamfuata. Dalali alipouliza kulikoni, mama akamjibu mbele ya watu, "Maharage yamejaa, baba. Acha lori hapo au rudi nalo." Kicheko kilisikika mpaka Kilakala, kule mjini.

Zikabaki fomu. Fomu kumi na nne, na mwandishi ni mimi. Nilikaa mezani kwa mama, nimevaa tai, wanawake wamepanga foleni hadi kwenye banda la kuku. Juu kabisa fomu iliuliza jina la mmiliki wa shamba.

Sasa, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamke analima pale alipolima bibi yake, na binti zake watalima pale pale, lakini anayetajwa kuwa mwenyewe ni mkubwa wa ukoo, mwanamume, ndiye anayegawa na kuamua ugomvi wa mipaka. Kwetu alikuwa kaka yake mama, mzee wa miguu mibovu aliyeshika jembe mara ya mwisho siku ile mkoloni aliposhusha bendera.

"Mmiliki wa shamba?" nilimwuliza mama mdogo, aliyekuwa wa kwanza.

"Mjomba wako."

"Jina lake kamili, mama mdogo."

"We! Kwani humjui mjomba wako? Hayo ndiyo uliyofundishwa mjini? Andika."

Nikaandika. Wa pili akamtaja huyo huyo. Wa tatu huyo huyo. Kufika fomu ya tisa, ambayo ilikuwa ya mama, mkono ukasita. Lile jina lilikuwa linanitazama vibaya.

"Mama, tukiandika jina lako je? Si wewe ndiye unayelima?"

Mama aliweka ungo chini. "Niandikwe mimi? Nimelinunua lini? Kaka yangu akisikia atasema namfukia angali anapumua."

Wanawake wote wakaguna. Ningeweza kubishana nao. Ndiyo kazi niliyosomea miaka minne na usingizi machoni. Badala yake nikatania kwamba mjomba sasa atakuwa maarufu kuliko Rais. Wakacheka, nami nikaliandika jina lake mara sita zaidi, kwa herufi zenye mikia kama jogoo. Nilikuwa napenda sana kuchekwa vizuri.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani orodha ya waliokubaliwa ilipobandikwa kwa mtendaji. Kikundi chetu hakikuwamo. Nikashuka mjini na tai yangu mpaka ofisi ya kilimo, nikamkuta ofisa ameziweka fomu zetu kando, kama ushahidi wa wizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi? Huyu bwana ana mashamba kumi na manne. Mkulima mdogo gani huyo? Huyo ni kabaila, anajificha nyuma ya akina mama ili ale ruzuku."

"Mzee, huyo bwana hana hata kuku."

"Mashamba ya nani, basi?"

"Ya ukoo."

"Ukoo unaweka sahihi?"

Akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye kwa adabu. Lafudhi yake ilikuwa ya milima ile ile. Alikuwa amekulia kwenye shamba la ukoo wa mama yake kama mimi, na mjomba wake alikuwa anagawa matuta kama wangu. Alijua vizuri kabisa. Ila fomu haikuwa na mstari wa kuandika anachokijua. Akaniambia tujaze upya mwakani. Shule yetu alikwisha pewa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye kipande cha shamba huko tambarare na jina lake mwenyewe juu ya karatasi.

Nilipanda mlima nikitunga namna ya kumwambia mama. Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari. Nilipomwona anapura maharage uani, sikutoa hata kimoja.

"Wamekataa," nikasema.

"Maharage yetu yana nini?"

"Hayana kitu, mama. Ni ile karatasi."

Hakuuliza karatasi ilikuwa na nini. Aliendelea kupura.

Dalali alikuwa na kumbukumbu nzuri. Alipanda mwenyewe mpaka uani, akachota maharage, akayachezesha kiganjani, akataja bei ambayo hata mwizi angeona aibu kuipokea. Mama akamwonyesha njia. Magunia yakabaki ndani, pembeni ya kitanda, na kabichi hakuwa nazo za kuuza. Hivyo mama akaanza kutafuta kazi za kibarua.

Siku chakula cha shule kilipoletwa, nilimkuta kwenye kona ya njia. Lori halifiki shuleni, barabara inaishia chini, kwa hiyo mfanyabiashara alikuwa amekodi wanawake wapandishe mzigo. Mama alikuwa na gunia kichwani. Maharage.

"Nishushie, mwanangu, shingo inauma."

Nililibeba mimi hadi jikoni. Mpishi akalifungua, akamwaga kiasi kwenye ungo. Yalikuwa ya zamani, yametobolewa na wadudu, na mawe yake yangetosha kujenga choo.

"Ya wapi haya?" mama akauliza.

"Sijui, dada. Yamekuja na lori."

Chekechea walikuwa wamekwisha kaa kwenye majani na sahani zao, mjukuu wake akiwa mbele kabisa. Mama alimtazama, kisha akavuta kigoda, akauchukua ungo na kuanza kuchambua. Nikamwambia kibarua chake kimekwisha, twende nyumbani.

"Atavunja meno huyu," akasema. "Kaa na wewe, chambua."

Nikakaa.