Masale ya Kiboriloni

Kwetu Kilema, juu mlimani, kihamba, yaani shamba la ukoo, huenda kwa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Mimi nilizaliwa katikati, kwa hiyo nilishuka. Simlaumu marehemu baba. Migomba haikututosha, na Mungu alinipa mikono.

Niliposhuka Kiboriloni, miaka ya mwanzo ya Ujamaa, upande ule wa soko ulikuwa vichaka na nyumba chache za udongo. Siku ya soko watu walijaa hadi barabarani. Jioni wanawake wa mlimani walipanda na vikapu vyao, tukabaki sisi tusio na pa kupanda. Wengi walitoka mikoa mingine, wakifanya kazi kwenye miwa na viwandani. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake, Kiswahili tulikisema bombani tukingoja maji. Rozari nilisali peke yangu, nikijiitikia mwenyewe.

Mke wangu alibaki kwa mama.

“Sishuki mahali ambapo nikiugua hakuna wa kuniletea mtori,” alisema. Mtori ni supu yetu ya ndizi.

Basi nilihitaji jirani, hata mmoja. Na nilianza vibaya.

Nilipogawiwa kiwanja nilipanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, kukizunguka, kama babu zetu walivyofanya. Kwa Mchagga isale ni mpaka. Anayeling'oa ameiba ardhi. Jani lake hilo hilo, ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, ni ombi la msamaha.

Asubuhi moja nilikuta masale ya upande mmoja yameng'olewa, na jirani yangu, mama mjane kutoka Singida, anapanda matembele palepale. Nilimwita mwizi wa ardhi mbele ya watu wote bombani. Balozi wa nyumba kumi akaja, akafukua nyasi, akatuonyesha kigingi cha saruji cha mpima ardhi. Masale yangu ndiyo yaliyokuwa yameingia kwake, hatua mbili nzima.

“Mpaka ni huu,” alisema. “Hapa si kihamba, ndugu.”

“Mimi nilidhani magugu,” mama akasema, akaokota ndoo yake.

Kwaresima ile yote hatukusalimiana. Nilipita mlangoni pake nikitazama chini, na huko Kilema mke wangu alikuwa akiuliza kama nimepata watu. Juma Kuu lilipofika nilichuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaingia ndani. Nilirudi mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Kesho yake, sokoni, nililiona jani langu juu ya gunia lake. Limefunga fungu la matembele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kumbe mdomo unao!”

“Hilo jani nilikuletea jana.”

“Kamba nzuri. Yapo mengine?”

Nikamweleza maana yake. Alicheka mpaka wenzake wakageuka.

“Basi matembele yamekusamehe. Mimi sijasikia kitu. Kuniita mwizi uliweza, kusema nisamehe unatuma jani?”

Alisema kweli. Mlimani jani lingenisemea. Pale ilibidi niseme mwenyewe, na waliokuwa wakisikiliza ni wale wale wa bombani.

“Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyevuka mpaka.”

“Haya. Chukua mboga, ukapike.”

Baada ya Pasaka mke wangu alishuka. Alipougua malaria, mama yule hakujua kupika mtori. Alileta uji wa uwele. Mke wangu aliumaliza wote, akaniambia, “Hapa tutakaa.”

Tulikaa. Lakini kazi ya mwana wa yule mama kiwandani iliisha, wakarudi kwao Singida. Nyumba yake ilibomolewa, ikajengwa ya tofali yenye ukuta mrefu. Mke wangu naye Bwana amempumzisha. Wanaoishi ng'ambo ya ukuta siwajui. Nasikia redio yao tu. Masale, niliyoyahamishia upande wangu, yamepita kimo cha ukuta wao. Rozari najiitikia mwenyewe tena, na namshukuru Mungu kwa miaka ile nilipokuwa na wa kuniitikia.

Leo nimechuma fungu la matembele, nikalifunga kwa jani la isale. Nitagonga geti lao baada ya Misa, nami nitajieleza kwa mdomo.